Pon iliyochelewa au mkono uliowahi: uchambuzi wa kisa kimoja cha adabu katika majongi ya Kijapani

Katika majongi ya Kijapani, mchezo wa vigae wa watu wanne, inapochezwa ana kwa ana, ugomvi mwingi hauzuki kwa sababu ya udanganyifu, bali kwa sababu ya mkono uliotangulia au sauti iliyokawia. Kisa ninachokichambua hapa ni cha namna hiyo. Ni kisa cha kielelezo, nilichokiunda kutokana na mambo ambayo kila aliyekaa kwenye meza hizo kwa muda ameyaona yakitokea kwa sura moja au nyingine, na ndiyo maana wachezaji wake nimewaita kwa viti vyao tu: Mashariki, Kusini, Magharibi na Kaskazini. Nimekichagua kwa sababu wote wanne walikosea, lakini makosa yao hayalingani uzito, na katika kesi za aina hii lawama huelekea kumwangukia mgeni ilhali kosa kubwa limefanywa na mwenyeji.

Kisa chenyewe

Mahali ni klabu moja ya Tokyo ya ule mchezo unaoitwa majongi ya afya, wenye masharti matatu yanayojulikana sana nchini Japani: hakuna kamari, hakuna pombe, hakuna sigara. Kamari ni kosa katika sheria ya jinai ya nchi hiyo, na klabu za namna hii huwapa watu, hasa wazee, mahali pa kukutana na kuuchangamsha ubongo mbali na sifa mbaya iliyoziandama kumbi za zamani zenye moshi na dau. Kwa hiyo mezani hapakuwa na hata yeni moja. Kilichobishaniwa kilikuwa haki peke yake, na hilo linaurahisisha uchambuzi. Meza yenyewe ni ya umeme: vigae 136 humiminwa tumboni mwake, huchanganywa, kisha huinuliwa vikiwa kuta nne zilizokwisha kupangwa, kila ukuta ukiwa na vigae 17 kwa urefu na viwili kwa kimo.

Mchezo ulikuwa umefika awamu ya nne ya raundi ya Kusini (hili ni jina la raundi, si la mchezaji), ambayo ndiyo ya mwisho. Kila mmoja alikuwa ameanza na alama 25,000. Sasa Kusini aliongoza kwa 33,100, Magharibi akimfuata kwa 27,900, Mashariki akiwa na 22,400 na Kaskazini akishika mkia kwa 16,600. Mashariki ndiye aliyekuwa mgawaji wa awamu hiyo, na mgawaji hulipwa zaidi anaposhinda. Kama angepata mangan, yaani ushindi wa alama nyingi, kwa kigae alichokivuta mwenyewe ukutani, angepokea 4,000 kutoka kwa kila mmoja, akapanda hadi 34,400 na kumwacha Kusini na 29,100. Yaani mtu huyu, mzoefu na mwenyeji wa klabu, aliiona nafasi ya kwanza kwa macho yake, na haraka yake ilikuwa na sababu.

Magharibi alikuwa kijana aliyeijua majongi kwa simu. Kanuni alizijua barabara, pengine kuliko baadhi ya waliomzunguka. Alichokuwa hajakizoea ni kutamka neno, kushika kigae na kulipa kwa vijiti vya alama mbele ya watu wanaomtazama. Mkononi alikuwa na haku mbili, vile vigae vyeupe visivyo na mchoro wowote, na alijua kwamba akipata ya tatu atakuwa na sharti la ushindi linalomwezesha kuimaliza awamu hata kama ameufungua mkono wake, yaani vigae anavyovishika, kwa kuchukua kigae cha mwenzake.

Kaskazini akatupa haku. Kigae kilipokuwa kinaachana na vidole vyake, mkono wa Mashariki ulikuwa umekwisha kufika ukutani. Akavuta kigae kilichofuata, akakisimamisha kwenye ncha ya kulia ya vigae vyake, akakitazama. Ilikuwa tano ya duara, tena ile nyekundu yenye thamani ya ziada, na Mashariki alikuwa na nne na sita za duara zikisubiri katikati. Wakati huohuo Magharibi alikuwa ameinama mbele, mdomo wazi, mkono ukielea juu ya haku zake mbili, lakini neno halijatoka. Lilipotoka, lilikuwa "pon", tamko la kukichukua kigae kilichotupwa ili kutimiza vitatu vinavyofanana, na Mashariki alikuwa ameshakiona kigae.

"Umechelewa, nimeshachukua," Mashariki alisema. Kisha akaongeza maneno ambayo hakuna aliyemwomba ayaseme: "Tena ndicho hasa nilichokuwa nakitaka." Kusini, bila kuulizwa, akasema kwamba naye aliona pon imechelewa. Mhudumu wa klabu akaitwa. Alimwuliza kila mmoja kwa zamu, akatazama mahali haku ilipolala, akaamua kwamba pon ipokelewe na kigae kilichovutwa kirudi ukutani kilipotoka, uso chini. Mashariki akakirudisha kwa kishindo kilichoutikisa ukuta. Magharibi akafunua haku zake mbili, akaichukua ya tatu, akailaza upande wa kulia wa kundi kuonyesha kwamba imetoka kwa jirani yake wa kulia, akatupa kigae chake kingine. Kaskazini akavuta.

Awamu iliendelea hadi ukuta ukaisha bila mshindi. Magharibi peke yake ndiye aliyekuwa amebakiza kigae kimoja tu kushinda, kwa hiyo alipokea alama 3,000, kila mmoja wa wengine akitoa 1,000, na mchezo ukaishia hapo kwa kuwa mgawaji hakuwa tayari, yaani hakuwa amefika hatua hiyo. Matokeo: Kusini 32,100, Magharibi 30,900, Mashariki 21,400, Kaskazini 15,600. Nafasi hazikubadilika hata moja, lakini watu waliondoka mezani na kinyongo.

Nani aliwahi, nani alichelewa

Swali ambalo kila mtu hulikimbilia ni kama pon ilichelewa. Mimi naona si mahali pa kuanzia. Kabla ya kuupima ucheleweshaji wa Magharibi lazima tuulize kama Mashariki alikuwa na haki ya kukigusa kigae wakati alipokigusa, na jibu ni kwamba hakuwa nayo.

Katika mchezo huu, kigae kinapotupwa, wachezaji wote watatu waliobaki wana jambo la kuamua. Yeyote kati yao anaweza kushinda kwacho kwa kusema "ron", au kukichukua kwa "pon" au kwa "kan", ambayo ni ya vigae vinne vinavyofanana. Yule wa zamu inayofuata anaweza pia kukichukua kwa "chii", ili kukamilisha namba tatu zinazofuatana. Kuna mpangilio wa nani anampita nani: ron iko juu ya vyote, na pon iko juu ya chii. Mpangilio huo hauna maana ikiwa mwenye zamu inayofuata anavuta kigae kabla wengine hawajapata nafasi ya kusema. Ndiyo maana kuvuta mapema, jambo ambalo Wajapani huliita sakizumo, kunakatazwa katika kumbi nyingi na katika mashindano. Utaratibu ni rahisi kuueleza: kigae kilichotupwa kilale kwanza katika safu yake, mikono yote iwe imetulia kwa kitambo kifupi, ndipo mwenye zamu anyooshe mkono ukutani. Tofauti kati ya mwenendo huo na wa Mashariki ni ya sekunde moja au chini yake, lakini ni sekunde ambayo si mali yake.

Hapo ndipo hoja ya "umechelewa" inapoanguka. Kitambo cha kuita hupimwa tangu kigae kilipotua, na mkono wa aliyevuta kabla ya kutua hauwezi kuwa saa ya kuwapimia wengine. Kama tungekubali kwamba kuvuta kunaufunga mlango wa pon, basi mchezaji mwenye mkono mwepesi kuliko wote angekuwa na uwezo wa kuzima pon ya wenzake kila anapotaka, na haku mbili za Magharibi zingekuwa na thamani au kukosa thamani kulingana na kasi ya mtu mwingine. Klabu hutofautiana kuhusu urefu wa kitambo hicho. Zipo zinazosema kwamba kigae kikishaingia mkononi kwa utaratibu basi imekwisha, na zipo zinazotoa nafasi pana zaidi kwa wanaoanza. Maneno "kwa utaratibu" ndiyo yanayobeba hoja, na hapa utaratibu haukuwepo.

Kwa hiyo naona mhudumu aliamua sawasawa. Ninachomlaumu ni kwamba hakusema kwa nini. Aliamua pon ipite, basi, na Mashariki akabaki akiamini kwamba amenyang'anywa kigae kwa huruma aliyoonyeshwa mgeni. Angesema kwa upole, "Samahani, mkono ulitangulia kabla haku haijalala," sentensi moja tu, kila mtu angejua kwamba kilichorekebishwa ni uharaka wa Mashariki, wala hakuna aliyepewa upendeleo.

Kigae kilichorudi ukutani

Sasa tufike kwenye jambo ambalo nadhani ndilo kiini cha kisa hiki, na ambalo watu hulipita wakidhani kwamba kigae kikisharudi mahali pake mambo yamerudi kama yalivyokuwa. Hayakurudi.

Fuata mzunguko. Zamu hupita kutoka Mashariki kwenda Kusini, kisha Magharibi, kisha Kaskazini. Haku ilitoka kwa Kaskazini, ikachukuliwa na Magharibi. Magharibi akatupa kigae. Baada ya Magharibi anayevuta ni Kaskazini, na kigae kilichokuwa mbele kabisa ukutani kilikuwa kilekile ambacho Mashariki amekishika, amekiona na kukirudisha. Yaani Mashariki alijua, kwa uhakika wa asilimia mia moja, kwamba Kaskazini amevuta tano nyekundu ya duara.

Mtu asiyecheza anaweza kuuliza kuna ubaya gani kujua kigae kimoja kati ya 136. Majongi ya Kijapani ni mchezo wa kusoma. Vigae vilivyotupwa hupangwa mbele ya kila mtu kwa safu za sita sita, wazi na kwa mpangilio, ili kila mmoja aweze kuona mwenzake alianza kuachana na nini na lini. Mchezaji makini hutazama hata kama kigae kilichotupwa kimetoka katikati ya mkono au ni kilekile kilichovutwa na kurudishwa mezani papo hapo, maana tofauti hiyo humweleza kama mwenzake amekihifadhi kigae kipya. Hayo yote ni halali, na ndiyo utamu wa mchezo. Basi Kaskazini alipovuta na kutupa kigae kingine kutoka mkononi, Kusini na Magharibi walichokijua ni kwamba amehifadhi kitu fulani. Mashariki alikijua kitu chenyewe. Alijua kwamba tano moja ya duara haimo tena ukutani, kwamba Kaskazini ana sababu ya kuendeleza duara, na kwamba kule kusubiri kwake katikati ya nne na sita kumepungukiwa na kigae kimoja. Mashariki alikuwa na taarifa ambayo mchezo haukumpa, na aliipata kwa kosa lake mwenyewe.

Hiyo ndiyo sababu nasema kosa lake ni kubwa kuliko la Magharibi. Kuita kwa kuchelewa huleta usumbufu, na usumbufu hupita. Kukiona kigae ambacho hakikuwa chako ni jambo lisilofutika, kwa kuwa hakuna mhudumu anayeweza kumwamuru mtu asahau.

Wapo wanaopendekeza dawa ya kukifunua kigae hicho kwa wote kabla ya kukirudisha, ili kila mtu awe na taarifa sawa. Dawa hiyo siipendi. Ingesawazisha macho ya watatu kwa gharama ya wa nne: Kaskazini, ambaye hakuhusika na kuvuta mapema, angecheza awamu iliyobaki huku kila mtu akijua kigae chake kimoja, tena kile chenye thamani. Si haki mtu asiyekosa alipie kosa la aliyewahi. Dawa nyingine ni kumzuia Mashariki asishinde katika awamu hiyo, adhabu ambayo katika nyumba nyingi za mchezo huwapata walioita kimakosa au walio na vigae pungufu au zaidi. Kwa mtu ambaye ameonywa na kurudia, ningeiunga mkono. Kwa mara ya kwanza, katika klabu ya kirafiki, ni nzito mno.

Inabaki njia ya tatu, ambayo haiandikwi katika kanuni za kila nyumba lakini ina mizizi katika desturi za mchezo. Katika baadhi ya nyumba, mchezaji aliyeangusha kigae chake mwenyewe kikaonekana hakubaliwi kushinda kwa ron kwa kigae cha aina hiyo. Vilevile wapo wachezaji wa mashindano ambao, wakisita kwa namna iliyodhihirisha wanachokitaka, hujizuia wenyewe kushinda kwa kigae hicho na jirani zake kikitupwa na mwingine. Mantiki ni ileile: uliyesababisha taarifa ivuje hupaswi kufaidi kutokana nayo. Kwa mantiki hiyo, Mashariki alipaswa kukirudisha kigae kimya, aseme samahani, na kujiwekea ndani ya nafsi yake kwamba hatachukua ron kwa tano ya duara awamu hiyo. Hakuna ambaye angejua kwamba amejizuia. Ndivyo adabu ya mezani ilivyo mara nyingi, na mimi naiheshimu zaidi kwa sababu hiyo.

Maneno yaliyozidi

Mashariki hakunyamaza. Alisema kigae hicho ndicho hasa alichokitaka, na kwa sentensi hiyo akaharibu zaidi ya alivyokuwa ameharibu kwa mkono.

Tazama yaliyompata Kaskazini. Alivuta kigae, akaona tano nyekundu ya duara, na tayari alikuwa amesikia kutoka kinywani mwa Mashariki kwamba kigae hiki ni muhimu kwake. Hakuhitaji kusoma safu zozote. Kuanzia hapo alijua kwamba mgawaji anajenga duara na anaisubiri tano au anaihitaji kwa karibu, akaishika tano hiyo hadi mwisho, hata pale ambapo mkono wake mwenyewe ulimtaka aiachie. Kwa hiyo Mashariki alimjua Kaskazini, na Kaskazini akamjua Mashariki, huku Kusini na Magharibi wakicheza gizani. Kwa muda uliobaki wa awamu ile palikuwa na michezo miwili kwenye meza moja.

Je, Kaskazini alikosea kuitumia taarifa ile? Hapana, katika hilo hakukosea. Mwenzako akijisemea mwenyewe mbele yako, huna wajibu wa kuziba masikio. Kinachokatazwa ni kusema, iwe ni kwa hasira kama Mashariki au kwa hila. Hila hiyo ina jina lake mezani, shamisen, yaani kuzungumza ili kuwapotosha wenzako: mtu analalamika kwamba mkono wake ni mbovu kumbe amebakiza kigae kimoja. Mashariki hakukusudia hila. Lakini wanaomsikia hawana namna ya kujua, na hilo ndilo linalofanya ukimya uwe kanuni kwa wote, wakweli na waongo pamoja. Maneno yanayoruhusiwa wakati awamu inaendelea ni yale ya mchezo, chii, pon, kan, riichi (tangazo kwamba umebakiza kigae kimoja), ron na tsumo (ushindi kwa kigae ulichokivuta mwenyewe), yakitamkwa kwa sauti inayosikika kabla mkono haujagusa chochote, pamoja na "hai" ya kukubali malipo. Malalamiko yangojee.

Kuhusu kishindo cha kukirudisha kigae, sina mengi. Aliyekulia kwenye dhumna barazani anajua raha ya kukibamiza kigae mpaka meza iruke, na anaweza kudhani majongi ni ndugu wa dhumna. Katika majongi ya Kijapani ya leo kubamiza ni utovu wa adabu, huangusha kuta, na huwatisha wageni. Hapa kulikuwa na ubaya zaidi, kwa kuwa kishindo kilirudia kusema yale ambayo mdomo ulikuwa umeshayasema.

Mdomo wazi wa Magharibi

Magharibi naye hana budi kuulizwa. Pon yake ilikuwa halali, lakini namna alivyoifikia haikuwa nzuri. Aliinama, akanyoosha mkono juu ya vigae viwili mahususi, akafungua mdomo, akafikiri. Kama baada ya hapo angeamua kuiacha haku ipite, meza nzima ingekuwa imeshajua kwamba anazo mbili na zimekaa wapi mkononi mwake. Kusita huko baada ya kigae kutupwa huitwa koshi, na ni miongoni mwa makosa ambayo wachezaji wazoefu huyachukia kuliko yote, kwa kuwa humlazimisha kila mtu ajue asichotaka kukijua, na mtu mwenye hila anaweza kujifanya amesita ili wengine wadhani ana kitu.

Namwelewa kijana huyu, na nadhani wengi wanaomcheka hawajafikiri simu humfundisha mtu nini. Katika programu kama Tenhou au Mahjong Soul, kigae kikitupwa ambacho unaweza kukichukua, mchezo wenyewe husimama na kitufe hutokea. Huhitaji kukumbuka una haku mbili. Programu haikuruhusu kuvuta kabla ya wakati, haikuruhusu kuita usichokuwa nacho, hupanga vigae vyako, huhesabu alama na kugawa malipo. Hata hivyo tatizo la kusita halikuondoka kabisa: wachezaji wa Tenhou wamejifunza kukisoma kile kituo kifupi kinachotokea mtu anapofikiria kuita, na ndiyo maana kuna kitufe cha kukataa mapema kuita chochote. Yaani hata mashine imelazimika kutafuta njia ya kuficha kusita. Mezani, njia hiyo ni mchezaji mwenyewe. Mwenye haku mbili anatakiwa awe ameamua kabla, tangu zilipotimia mbili, kama ikitupwa ya tatu ataichukua au ataiacha. Ikitupwa, neno litoke mara moja au lisitoke kabisa. Na akikuta kwamba hakuamua, bora aiache ipite kwa utulivu kuliko kuufunulia ulimwengu mkono wake.

Lakini kasoro ya ugeni hurekebishwa kwa mazoezi, nayo inastahili subira. Wenyeji watatu walijua kwamba kijana huyu hajazoea meza. Adabu iliwataka wapunguze mwendo kwa ajili yake, angalau katika awamu chache za mwanzo. Mashariki alifanya kinyume, na kadiri awamu ya mwisho ilivyokaribia ndivyo mkono wake ulivyozidi kuwa mwepesi.

Kusini na Kaskazini

Kusini hakuguswa na tukio, lakini alijitia ndani yake. Aliposema kwamba pon imechelewa, alikuwa akitoa ushahidi ambao hakuulizwa, tena akiwa ndiye mwenye maslahi makubwa kuliko wote katika jibu. Magharibi alikuwa nyuma yake kwa alama 5,200 tu. Haku pamoja na vigae viwili vyenye thamani ya ziada ingempa Magharibi ushindi wa 3,900, na kama kigae cha ushindi kingetoka kwa Kusini, Magharibi angefika 31,800 na Kusini angeshuka hadi 29,200. Kuzuiwa kwa pon kulikuwa faida ya moja kwa moja kwa Kusini. Sisemi alidanganya, inawezekana kabisa aliona alichosema. Ndiyo sababu hasa mhudumu huitwa: ili asiyekuwa na alama mezani aulize, na walio nazo wajibu wanapoulizwa.

Mwishoni, ukuta ulipokwisha, desturi ni kwamba mgawaji atangulie kutangaza kama amebakiza kigae kimoja au la, kisha wengine wafuate kwa zamu, na asiye tayari alaze vigae vyake uso chini. Magharibi alifunua mkono wake kabla Mashariki hajasema neno, kosa dogo la mgeni ambalo halikumdhuru mtu. Kaskazini, ambaye hakuwa tayari na hakuwa na sababu ya kuonyesha chochote, alifunua vigae vyake, akaisogeza mbele tano nyekundu na kumwambia Mashariki kwamba alikuwa ameikalia kwa ajili yake. Alitania, nadhani. Lakini mtu aliyekuwa ametoka kukosa kigae hicho kwa namna ile hakuhitaji kuonyeshwa, na hapo ndipo kinyongo kilipokomaa. Vigae vya asiyeshinda havina haja ya kuonekana. Huingizwa mashineni baada ya malipo kutolewa na kupokelewa, watu wakashukuriana, wakasimama.

Kilichokosekana kabla ya awamu ya kwanza

Majongi ya Kijapani imetoka nje ya Japani kwa kasi. Mashindano ya kwanza ya dunia ya mchezo huu yalifanyika mwaka 2014 huko Puteaux, Ufaransa, yakafuatiwa na ya Las Vegas mwaka 2017, Vienna mwaka 2022 na Tokyo mwaka 2025. Ndani ya Japani kwenyewe, ligi ya kulipwa ya M.League iliyoanza mwaka 2018 imewaleta mezani watu waliojifunza kwa kutazama. Watu wa asili tofauti wanapoketi pamoja, yale yaliyokuwa yakijulikana bila kusemwa hayajulikani tena. Kanuni za mashindano hulazimika kuyaandika; klabu nyingi bado zinadhani yatajifundisha yenyewe.

Kwa hiyo, katika kugawa lawama, naweka kubwa kwa Mashariki kwa mkono na mdomo wake, kisha kwa Kaskazini kwa ule utani wa mwisho, kisha kwa Kusini kwa ushahidi wake usioombwa, na Magharibi namweka wa nne, kwa kusita ambako kungemdhuru yeye mwenyewe kuliko wengine. Lakini kuna mhusika wa tano. Kijana yule aliketi baada ya kusema "yoroshiku onegaishimasu", salamu ya Kijapani ya kuanzia mchezo, na kuinamisha kichwa, kama alivyowaona wengine wakifanya, na hakuna aliyemwambia kwamba katika nyumba ile mtu huita kabla ya kugusa, kwamba kitambo cha kuita huhesabiwa tangu kigae kilipolala, na kwamba mwenye shaka humwita mhudumu badala ya kubishana. Ni maelezo ya dakika mbili, na wenyeji watatu nao wangeyasikia kwa mara nyingine. Kazi hiyo ilikuwa ya klabu, na wakati wake ulikuwa kabla ya kuta za kwanza kuinuka.